Peke Yako kwa Baiskeli hadi Ziwa Turkana: Vidokezo 13 vya Kuvuka Jangwa

Barabara ya Moyale, Marsabit na Isiolo inajulikana sana na waendesha baiskeli wa masafa marefu. Tangu 2003 msafara wa Tour d'Afrique umewaleta huko watu wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, na mwaka 2015 Mskoti Mark Beaumont alimaliza safari hiyo nzima, peke yake, kwa takriban siku 42. Zamani ilikuwa barabara ya mawe yaliyovunja rimu na mifupa. Leo ni lami mwanzo hadi mwisho, na wengi wanapita bila kugeuka kushoto wala kulia.

Vidokezo hivi ni vya yule anayetaka kugeuka. Pale Laisamis unaiacha lami, unapita ukingo wa jangwa la Kaisut, unazunguka milima ya Ndoto na Nyiro, kisha unateremka hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Ni moja ya safari nzuri kabisa ambazo mtu anaweza kufanya kwa baiskeli katika Afrika Mashariki, na inawezekana kwa mtu wa kawaida aliyejiandaa. Shika mpangilio huu tangu mwanzo: maji kwanza, watu pili, baiskeli tatu.

1. Panga njia upepo uwe mgongoni

Anzia Isiolo, ushike lami kuelekea kaskazini: Archers Post, Merille, Laisamis. Hapo umemaliza kama kilomita 160. Ukishakunja kushoto Laisamis, njia inapita Namarei, Illaut, South Horr na Sarima kabla ya kufika Loiyangalani. Kipande hicho kinakaribia kilomita 240, na sehemu yake kubwa, hadi Sarima, ilitengenezwa upya ili malori yapitishe mitambo ya umeme wa upepo.

Huo upepo ndio sababu ya kwenda upande huu na si kinyume chake. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi mrefu wa nchi tambarare. Upepo wa kutoka kusini-mashariki hubanwa humo ukaongeza kasi, na huvuma karibu mwaka mzima. Mradi wa Lake Turkana Wind Power umesimamisha mitambo 365 pale Sarima, yenye uwezo wa megawati 310, na ulizinduliwa rasmi 2019. Ukitoka Laisamis kwenda South Horr, upepo huo unakusukuma. Ukijaribu kurudi kwa njia hiyo hiyo kwa baiskeli, utakumbana nao uso kwa uso mchana kutwa. Maliza safari yako ziwani, kisha urudi kwa lori. Patana nauli yako na ya baiskeli kabla haijapakiwa juu.

2. Iogope mvua kuliko jua

Watu hujiandaa kwa joto wakasahau mafuriko. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na ijapokuwa huko ni haba, zikinyesha zinashuka kwa kishindo. Laga, yaani ile mito ya mchanga mkavu unayoivuka kila baada ya kilomita chache, inaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani ambayo wewe hukuiona. Ukisikia ngurumo upande wa milima, usiingie ndani ya laga hata kama mchanga umekauka. Ukikuta maji yanapita, kaa upande uliopo. Aghalabu hupungua baada ya saa chache.

Juni hadi Septemba ni miezi mizuri. Januari na Februari ni mikavu pia, lakini joto lake ni kali zaidi. Kama unafikiria kuendelea kaskazini hadi North Horr na jangwa la Chalbi, kumbuka kwamba Chalbi ni kitako cha ziwa la kale. Likiwa kavu ni tambarare ngumu ya chumvi. Likilowa ni tope linalonasa hata malori.

3. Hesabu maji kabla ya kuhesabu kilomita

Hiki ndicho kidokezo cha kusoma mara mbili. Anayekanyaga pedali siku nzima kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi anahitaji lita 8 hadi 10 kwa siku, pamoja na ya kupikia. Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo siku moja ya maji ni kama kilo 10 juu ya baiskeli. Usikate hapo ili uwe mwepesi. Kata nguo, kata vyombo, kata vitabu. Uwe na vyombo vya kubebea angalau lita 12, na uvigawe: chupa kubwa mbili kwenye fremu, mtungi laini kwenye keria, na akiba ya lita 2 isiyoguswa, ndani kabisa ya begi. Mtungi mmoja ukipasuka, usipoteze yote.

Kabla ya kuondoka, chora jedwali dogo kwenye karatasi: jina la mahali, umbali kutoka kituo kilichopita, chanzo cha maji, na utamuuliza nani. Archers Post pana maduka na mto Ewaso Ng'iro. Merille ni mto wa msimu, na kiangazi wenyeji huchimba mchanga kupata maji. Laisamis ni mahali pa kujaza kila chombo ulicho nacho. Ngurunit, chini ya milima ya Ndoto, iko kando ya njia lakini maji yake yanastahili mchepuko. South Horr ni bondeni penye miti na vijito vinavyotoka Mlima Nyiro. Pumzika hapo siku nzima ukiweza. Kutoka South Horr hadi Loiyangalani ni kati ya kilomita 80 na 90 za mawe, na kipande hicho chote kihesabu kuwa hakina maji.

Usitegemee ziwa. Mwaka 1888 msafara wa wapelelezi wa Ulaya, Count Teleki na Ludwig von Höhnel, ulioanzia Pangani na mizigo yake kubebwa mabegani mwa wapagazi wa Zanzibar na pwani, uliteremka hadi ufuo huo ukiwa na kiu kali. Watu walikimbilia majini, wakakuta yana magadi. Hali ni ile ile leo: maji ya Turkana yana chumvichumvi na floridi nyingi. Kichujio cha mfukoni huondoa vijidudu, hakiondoi chumvi wala floridi. Hata baadhi ya visima vya eneo hilo vina chumvi, kwa hiyo onja kidogo kabla ya kumwaga ulichobeba.

Kanuni ya mwisho ni hii: ukifika nusu ya maji kabla hujafika nusu ya njia, geuka. Usijipe dakika tano za kufikiri.

4. Rudisha chumvi unayopoteza

Jasho la jangwani hukauka kabla hujaliona, likaacha michirizi myeupe shatini. Hiyo ni chumvi yako. Kunywa maji matupu siku nzima huku chumvi inatoka ni hatari, kwani chumvi ya damu hupungua mno na kichwa huanza kuvurugika. Beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile za watoto wanaoharisha. Zinauzwa kila duka la dawa. Zikiisha, tengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Angalia mkojo wako kila unapokwenda haja. Wa manjano hafifu, endelea. Ukiwa wa rangi ya chai, kaa kivulini unywe kidogo kidogo. Kichwa kikiuma, ukihisi kichefuchefu, au ukigundua umesahau umepita wapi dakika chache zilizopita, siku imekwisha. Loweka kitambaa, weka shingoni na makwapani, na usimamishe gari la kwanza litakalopita.

5. Endesha alfajiri, lala mchana

Amka saa kumi, kunywa chai, na saa kumi na moja na nusu mwanga unapoanza uwe barabarani. Kufikia saa nne asubuhi tafuta mti wenye kivuli cha kweli, usimame. Saa tano hadi saa tisa ni za kulala, kuziba pancha na kula. Saa kumi jioni unaweza kuongeza saa moja na nusu, halafu utafute pa kulala wakati bado unaona unapokanyaga.

Ukikaribia ziwa, kanuni hii inabadilika. Pembeni mwa Mlima Kulal upepo hushika kasi usiku na asubuhi, na mara nyingi hutulia alasiri. Kati ya Sarima na Loiyangalani unakujia kutoka kulia na nyuma, kwa mikupuo inayoweza kukuangusha. Mteremko wa mwisho ni wa mawe meusi ya volkano. Ukiona baiskeli inasukumwa pembeni, shuka utembee nayo, wewe ukikaa upande unaotoka upepo. Ziwa lenyewe linaonekana kutoka juu, rangi ya kijani inayobadilika kadiri mawingu yanavyopita, na kutembea kunakupa nafasi ya kulitazama vizuri.

6. Chukua baiskeli ambayo fundi wa kijijini ataielewa

Fremu ya chuma ni nzito, lakini ikivunjika, fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga. Fremu ya kaboni ikipasuka Illaut, imepasuka. Chagua rimu imara zenye spoku 36, tairi pana za kuanzia inchi 2, na breki za kawaida za waya ambazo unaweza kuzifungua na kuzifunga kwa mkono wako. Keria iwe ya chuma pia, na kila skrubu yake uitie gundi ya nyuzi au uifunge kwa waya, maana mtikisiko wa barabara hulegeza kila kitu.

Kaskazini siku hizi ni nchi ya bodaboda. Utapata mafundi wa pikipiki hodari, pampu na viraka, lakini baada ya Isiolo usitarajie kupata tyubu au mnyororo wa baiskeli yako dukani. Beba tyubu 3, tairi 1 la kukunja, spoku za akiba za urefu unaofaa, kipande cha mnyororo na kiungio chake, waya za breki na za gia, na vifaa vya kuvifunga vyote. Paka mnyororo mafuta mepesi kidogo tu, kisha ufute kabisa. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kusaga meno ya gia.

Kila jioni, kabla hujajitupa chini, ikague baiskeli kwa mikono. Bana spoku mbili mbili uone iliyolegea, tikisa keria, zungusha magurudumu. Tatizo lililoonwa jioni hutengenezwa ukiwa umekaa. Lisipoonwa, litakukuta saa sita mchana.

7. Mshinde mwiba kwa subira

Migunga imejaa pande zote, na matawi yake hukatwa kujenga maboma ya mifugo, kwa hiyo miiba imetapakaa hadi njiani. Tia dawa ya kuziba matundu ndani ya tyubu kabla ya safari. Ukiingia kambini au chini ya mti, beba baiskeli. Usiisukume kwenye majani.

Ukipata pancha, usikimbilie kubadilisha tyubu. Zungusha tairi polepole kwanza, ukilitazama jicho kwa jicho. Mwiba wa mgunga hukatika ukalingana na raba, ukaacha ncha nyembamba iliyochomoza ndani, na kwa nje huoni ila kidoa. Toa tyubu, chukua kitambaa cha pamba, ukipitishe ndani ya tairi mzunguko mzima bila haraka. Pamba itanasa. Hapo shika ncha kwa kibano, uivute ndani, kisha upitishe kitambaa tena, kwa sababu mara nyingi miiba huwa miwili. Ukiruka hatua hii, tyubu mpya haitamaliza nusu saa.

Kwenye kiraka, sugua raba kwa msasa hadi iwe na rangi ya kijivu, paka gundi nyembamba, halafu ngoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Gundi ikishafunguliwa jangwani hukauka ndani ya kopo lake, hivyo beba vikopo vidogo kadhaa, usibebe kimoja kikubwa.

8. Punguza upepo kwenye tairi, punguza na haraka

Kwenye mchanga, toa upepo hadi tairi libonyee kidogo ukilikandamiza kwa dole gumba. Tumia gia nyepesi, kaa nyuma kwenye tandiko, legeza mikono, na tazama mbali. Ukikata usukani ghafla, gurudumu la mbele litazama. Mchanga ukizidi, shuka. Kusukuma ni sehemu ya safari hii.

Kwenye changarawe utakutana na matuta madogo yaliyopangana kama migongo ya bati, yaliyochongwa na magurudumu ya malori. Tafuta ukingo wa barabara, ambako mara nyingi pana ukanda laini wa upana wa shubiri mbili. Ukisikia lori, toka barabarani kabisa, simama, funika pua, na ungoje vumbi litulie kabla hujarudi. Dereva aliye nyuma yake haoni kitu.

9. Salimia kwanza, kaa, ndipo uulize

Hutakuwa peke yako kiasi unachofikiria. Utadhani pametupu, usimame dakika tano, na kijana mwenye mbuzi atatokea. Njia hii inapita nchi ya Wasamburu na Warendille, na ukingoni mwa ziwa wapo Waturkana, pamoja na Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi. Ukisonga kaskazini ni Wagabra. Kiswahili kinasikika senta zote, lakini neno la wenyeji hufungua mioyo: "supa" kwa Msamburu, "ejoka" kwa Mturkana, "nagaa" kwa Mgabra na Mborana. Toa mkono, ulizia hali ya mifugo, ulizia mvua. Ombi lako lije baadaye.

Kisimani ndipo adabu inapopimwa. Visima vingi vimechimbwa kwa mikono ya ukoo fulani, na kila kundi la mifugo lina zamu yake. Kisima kirefu huwa na vijana waliosimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, wakirushiana ndoo kwa wimbo, na wimbo huo ndio unaoweka mwendo. Kwenye kimoja kama hicho, karibu na Illaut, nilikaa kivulini hadi ngamia wakamaliza kunywa hori zima. Mzee aliyekuwa akisimamia hakuniambia neno, ila zamu ilipofika alinyoosha mkono akachukua mitungi yangu mwenyewe, akaijaza yote, akaifuta midomo kwa shuka yake, akanirudishia. Usijisogeze mbele, usinawie hapo, na usipige picha bila ruhusa. Ukiombwa malipo, lipa. Usipoombwa, uliza kama sukari au majani ya chai vitafaa.

Ukikaribishwa maziwa ya ngamia, pokea kwa mikono miwili. Yana ladha ya moshi kwa sababu vibuyu husafishwa kwa vijinga vya moto, na yanashibisha kuliko mkate wowote ulioubeba.

10. Kuuliza si ujinga: hali ya usalama hubadilika kila wiki

Kaskazini pana wizi wa mifugo na mapigano ya mara kwa mara kati ya jamii. Mei 2022 serikali iliweka kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji. Miezi mingine huwa shwari kabisa. Ramani haiwezi kukuambia leo pakoje, watu wataweza.

Uliza watu watatu wasiojuana: polisi wa kituo, chifu, na dereva wa lori aliyefika leo hii kutoka unakokwenda. Swali liwe la moja kwa moja: kipande cha kesho ni salama kwa mtu mmoja kwa baiskeli? Wawili wakisita, usiende. Pakia baiskeli kwenye lori hadi kituo kinachofuata, uendelee hapo. Hakuna anayekuandikia alama. Usiendeshe usiku hata siku moja, na usitaje mbele ya watu usiowajua utalala wapi.

11. Lala karibu na watu, mbali na laga

Misheni za Kikatoliki, shule, vituo vya polisi na nyumba ndogo za wageni zipo senta nyingi. Kijijini, mwone chifu au mzee wa boma, na ukipewa pa kuweka hema, weka hapo hapo. Mchanga wa laga ni laini na unavutia; usilale humo.

Kati ya Isiolo na Archers Post unapita katikati ya hifadhi za Buffalo Springs na Shaba. Ndovu huvuka lami na simba wapo. Pita hapo jua likiwa limepanda, usisimame vichakani. Kwingineko adui ni wadogo zaidi: nge, na kifutu mdogo wa jangwani anayelala mchangani karibu na mawe. Tumia tochi kila unapotembea gizani, vaa viatu vilivyofunika kisigino, na uvikung'ute asubuhi kabla ya kuingiza mguu. Ukiumwa na nyoka, usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa, lala utulie, kiungo kisitikiswe, na ufikishwe hospitali kwa gari haraka iwezekanavyo. Laisamis ipo ya misheni, Marsabit ipo ya rufaa.

12. Mwachie mtu saa yako

Mtandao wa simu upo senta kubwa na hupotea katikati. M-Pesa inafanya kazi palipo na mtandao, lakini beba noti ndogo ndogo pia. Pakua ramani kwenye simu kabla ya Isiolo, na uwe na nakala ya karatasi. Betri ya akiba ishibe kila unapopata umeme, na kama uwezo upo, nunua au kodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti.

Muhimu kuliko vifaa ni mtu mmoja nyumbani anayejua mpango. Mpe jedwali lako la maji, majina ya vituo na saa ya kumpigia kila jioni. Kubalianeni pia atakachofanya ukinyamaza: baada ya saa ngapi atapiga simu, na atampigia nani. Tahadhari kabla ya hatari maana yake ni hiyo. Na ukifika kituo, mpigie kabla hujavua viatu.

13. Kula vya kawaida, sema na nafsi yako vizuri

Tende, karanga, njugu, sukari guru, unga wa uji na maharagwe yaliyokwisha kupikwa vitakufikisha. Joto huua hamu ya kula, kwa hiyo kula kidogo kila saa bila kungoja njaa. Kwenye kibanda chochote chenye chapati na chai ya maziwa, simama. Unapata chakula na habari za barabara kwa bei moja.

Kichwa nacho kinahitaji matunzo. Siku ya pili au ya tatu baada ya lami, wengi huingiwa na upweke mzito, hasa adhuhuri. Ni uchovu na joto vinavyosema. Usiamue kuacha safari saa saba mchana, na usiamue kuongeza kilomita saa hiyo pia. Lala, kunywa, ngoja jioni. Kama jioni bado moyo haupo, panda lori kwa amani. Ziwa Turkana limekuwepo kabla yetu na litakusubiri.

Kabla hujaenda

Fanya jaribio moja karibu na kwenu. Pakia baiskeli mzigo wote pamoja na lita 12 za maji, ondoka Ijumaa jioni, lala nje, rudi Jumapili. Kila kitakachokusumbua siku hizo kitakusumbua mara kumi baada ya Laisamis, na bado utakuwa na nafasi ya kukirekebisha. Ukishafanya hivyo, nenda. Nunua kwenye vibanda vya njiani, lipa maji ya watu, rudi na taka zako zote. Na ukifika Laisamis, kabla ya kukunja kushoto, mtafute dereva aliyetoka South Horr asubuhi hiyo, umnunulie chai, umsikilize hadi mwisho.